Uzee Hauwashi

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliookolewa kwenye nyumba iliyobomolewa, mguu wake mmoja umesimama juu ya tofali, na lilikaa mbele ya kibanda cha kinyozi kwa sababu wenye maduka wengine wote walishalifukuza. Waliokaa hapo walijiita baraza la wazee, ingawa mzee wa kweli alikuwa mmoja tu, na baraza lenyewe halikuwahi kuamua jambo hata moja likaamulika. Upande wa kulia jua lilifika mapema. Upande wa kushoto kulikuwa na uchochoro, na uchochoro ule kila asubuhi ulitema upepo wa baridi ya kugonganisha meno. Ndiyo maana kukawa na koti. Lilikuwa koti zito la sufu, rangi yake ya kwanza haijulikani, likitundikwa kwenye msumari mlangoni mwa kinyozi, na sheria yake ilikuwa moja: anayekaa upande wa uchochoro ndiye anayelivaa, na akipata nafasi ya kuhamia juani analivua na kumvisha anayefuata. Koti hilo walilipenda kuliko ndugu zao. Walisema limewalea.

Asubuhi hiyo koti lilikuwa mwilini mwa kinyozi mwenyewe, na hiyo peke yake ilikuwa habari. Kinyozi, ambaye kila mtu alimwita Wembe, kwa kawaida hakuwa na nafasi ya kukalia benchi lake. Alikuwa mtu wa kusimama, mashine mkononi, akinyoa na kutoa hukumu kupitia dirishani. Lakini tangu mikono yake ianze visa, foleni ilikuwa imekatika. Wateja hawakumgombeza. Walipatwa na dharura tu. Mmoja, akiwa ameshakaa kitini na shuka shingoni, alikumbuka ameacha chungu motoni, mtu ambaye hajawahi kupika maishani. Mwingine alisema siku hizi anafuga nywele, na kichwa chake kina upara tangu ujana.

Wembe alikuwa akiwashwa. Kulianza katikati ya vidole, kukashuka kwenye vifundo vya mikono, kukapanda kwapani, kisha kukateremka kiunoni pale mkanda unapokaa. Mchana alivumilia. Usiku ndiyo usiseme. Alikuwa amejaribu spiriti anayowapaka wateja baada ya kuwanyoa, ikamwunguza. Akajaribu poda, ikamfanya aonekane mtu aliyetoka kukanda unga. Mwisho akaangukia kwenye kitu ambacho hakumwambia mtu, nacho tutakifikia.

Kilichomnyima raha hasa hakikuwa kuwashwa. Bintiye wa pekee alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mjukuu wake wa kwanza. Mke wa Wembe alikwenda kumhudumia mzazi kabla hii mikono haijaanza vituko vyake, na leo walikuwa wanarudi wote, bibi, mama na kichanga, kuja kukaa. Binti alimwambia kwenye simu ajiandae kubeba. Basi Wembe alijiandaa. Alipaka nyumba chokaa, akabadilisha taa, akanunua beseni jipya la kumwogeshea mtoto. Alikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa mikono.

Upande wa juani alikaa Redio, fundi wa redio na simu, ambaye kibanda chake kilikuwa pua na mdomo na kile cha kinyozi. Jina lilimfaa kwa sababu mbili: alitengeneza redio, na yeye mwenyewe hakuwa na kitufe cha kuzimia. Katikati alikaa Mzee Wakili, ambaye hakuwa wakili bali mlinzi mstaafu wa jengo la mahakama. Alisimama mlangoni kule miaka mingi akisikiliza kesi kupitia ufa, akastaafu na sheria nusunusu na methali kamili. Wa tatu alikuwa Nati, fundi baiskeli, mtu asiyesema mpaka awe na hakika, na bahati mbaya alikuwa na hakika wakati wote. Aliyewanywesha kahawa alikuwa mama mmoja wa makamo waliyemwita Shangazi, na hakuna mpwa wake hata mmoja kati yao.

Mkaa wa Shangazi ulikuwa umezimika, kwa hiyo Redio akajitolea kuingia kibandani kwa Wembe kutafuta kibiriti. Alikawia. Alipotoka hakuwa na kibiriti. Alikuwa na kopo la waridi lenye kifuniko cha dhahabu, na kifuniko hicho kilikuwa na picha ya mwanamke ambaye nusu ya uso wake ilikuwa na makunyanzi na nusu nyingine nyororo.

— Jamani, nimekwenda kutafuta kibiriti, nimemkuta bibi harusi.

Wembe aliinuka, lakini koti ni zito na Redio ana miguu mirefu. Kopo lilishafika mikononi mwa Mzee Wakili, ambaye alilisogeza mbali na macho, akalisogeza karibu, kisha akalisoma kwa sauti ya mahakamani: hurudisha ujana, huondoa makunyanzi, mabaka na uchovu wa ngozi, kwa akina mama waliotimiza miaka hamsini.

— Wembe, hamsini umeitimiza, hilo hatubishi, alisema Redio. Uanamke umeuanza lini?

Walicheka mpaka tofali la benchi likacheza. Hata Nati, ambaye hucheka kwa pua tu, alitoa sauti. Redio alitaka kujua kama wateja wakimaliza kunyolewa wanapakwa na wanja. Mzee Wakili aliuliza kama mke wa Wembe anajua kwamba akirudi leo atamkuta mke mwenza, naye ni huyu huyu mumewe. Wembe aliwaacha waishiwe pumzi, mikono imezama ndani ya mikono ya koti, akijikuna kimya kimya huko gizani. Aliona ni heri aseme mwenyewe kuliko kusemewa.

— Nimeletewa na shemeji, mdogo wa mke wangu. Anauza hizi. Kaniambia inang'oa ngozi kuukuu, inaleta mpya. Sasa fikirini na nyinyi. Huu ugonjwa umekaa kwenye ngozi kuukuu, si ndiyo? Ngozi kuukuu ikishaondoka, ugonjwa utakaa wapi?

Ilikuwa hoja nzuri, na pale kijiweni hoja nzuri ni ile ambayo hakuna aliyekuwa na haraka ya kuiuliza swali la pili. Mzee Wakili alitikisa kichwa kwa heshima.

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Krimu ni mgeni. Ngozi ni mwenyeji.

— Na mwenyeji amepona? aliuliza Redio.

Wembe akatoa mkono mmoja nje ya koti. Kwa kweli mkono ulikuwa laini. Ulikuwa laini kuliko mkono wa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi, unanukia waridi, unang'aa. Na katikati ya vidole, vipele vilevile, vimekaa vimetulia, vinang'aa na vyenyewe.

— Mikono imerudi ujanani, alisema Redio, na kuwashwa nako kumerudi ujanani. Sasa kuna nguvu zaidi.

Nati alikuwa amekwisha kupata hakika yake. Aliweka kikombe chini, akaeleza kwamba mtu ni kama fremu ya baiskeli. Ikiwa na kutu ukaipaka rangi juu, kutu haiendi mahali, inangoja chini. Hapo kidogo kila mtu alidhani leo Nati atasema la maana. Kisha akaendelea. Dawa ni kupiga msasa kwanza, msasa laini, si ule wa mbao, mpaka ufike kwenye ngozi isiyojua kitu. Halafu unapaka grisi. Yeye mwenyewe anashika grisi kila siku na hajaona ugonjwa. Alisema hivyo huku akijikuna kifundo cha mkono kwa ncha ya bisibisi, na alipoona Shangazi anamtazama akasema ni vumbi la tairi.

Redio hakuweza kukubali msasa, kwa sababu haukuwa wazo lake. Kwa maoni yake, ngozi haina kosa lolote. Kosa ni umeme. Mashine ya kunyolea inavuja. Umeme unaingia kwenye vidole kidogo kidogo, kila kichwa kinaongeza chake, mpaka damu inajaa, na umeme ukishajaa unatafuta pa kutokea. Ndiyo huko kuwashwa. Wembe afungwe waya kwenye kidole gumba cha mguu, ncha ya pili ifukiwe kwenye udongo mbichi, akae hivyo mpaka utoke wote. Akiwa anaeleza hayo aliegemea fremu ya mlango na kujisugua mgongo juu na chini, juu na chini, macho yamefumba kwa raha. Akasema hili shati limeshonwa kwa uzi mbaya.

— Siyo umeme, alisema Mzee Wakili. Hii ni kesi ya jinai.

Alijinyoosha kama mtu aliyeitwa kizimbani. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, na kwa Wembe aliye nguoni ni shemeji. Nani alimtuma? Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, yule mwenye kioo kirefu na feni. Wateja wa Wembe wamekwenda wapi tangu aanze kuwashwa? Wamekwenda kwenye feni. Ushahidi upo wazi. Lakini hata hiyo haikumtosha, kwa sababu mzee akishasimama hukaa kwa shida.

— Na mwulizeni huyo shemeji swali moja. Huo ujana wanaoutia kwenye kopo wanaupata wapi? Ujana haulimwi. Haufyatuliwi kama matofali. Kama wewe umeongezewa, basi mahali fulani yupo mtu amepunguziwa. Hiyo ni mali ya wizi, Wembe. Na kuwashwa huko ni mwenyewe anadai.

Mzee Wakili alikaa chini akiwa ameshinda, akachukua bakora yake, akaipenyeza kwenye kola ya shati na kujikuna katikati ya mabega. Alisema ni uzee.

Hapo Shangazi, ambaye mkaa wake ulikuwa umeshashika kwa kibiriti cha jirani, alitua birika kwa kishindo.

— Hivi nyie, uzee umeanza kuwasha lini? Mama yangu amezeeka mpaka ananiita kwa jina la dada yake. Haoni, hasikii, magoti hayakunjiki. Lakini sijamwona akijikuna. Uzee hauwashi.

Walimpuuza. Mtu anayemimina kahawa hana kura. Lakini Wembe neno lile lilimwingia, kwa sababu halikuwa geni kwake. Alikuwa analijua tangu wiki ya kwanza. Kinyozi anaona vichwa na shingo za watu wa kila aina, na hakuna kinyozi duniani asiyelitambua lile jambo linaloanzia katikati ya vidole na kuamka usiku. Alijua jina lake, jina fupi la kitoto, jina ambalo shuleni liliwafanya wengine wakalie dawati la peke yao. Na alijua pia kwamba kinyozi mwenye jina hilo mikononi anaweza kufunga kibanda na kuuza kiti. Uzee, kinyume chake, una heshima zake. Mtu akizeeka watu humpisha njia. Kwa hiyo aliamua kwamba amezeeka. Shemeji alipofungua mkoba wake na kutoa kopo la waridi, Wembe hakudanganywa. Alichagua. Aliona haya, akaipa haya yake kifuniko cha dhahabu.

Alinyoosha mkono akalichukua kopo kwa Mzee Wakili, akalifungua ili walau aonyeshe kwamba krimu imebaki nyingi na haijatumika hovyo. Haikubaki nyingi. Chini kabisa kulikuwa na duara nyembamba, na pembeni kote kuna njia za vidole. Vidole vinene, vidole vyembamba, na njia moja nyeusi iliyoacha alama ya grisi.

— Mimi napaka mikono, alisema Wembe taratibu. Mikono peke yake.

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Redio alikuwa anashughulika na kahawa yake.

— Redio, geuka.

— Nigeuke niende wapi?

— Nipe mgongo.

Redio alikataa, kisha akageuka, kwa sababu Nati alikuwa amekwisha kumshika bega. Wembe alisogeza pua. Mgongo wa fundi redio ulinukia waridi kama chumba cha maharusi. Redio akasema alijaribu kidogo tu, siku moja, alipoingia kukopa mkasi. Siku mbili. Kulikuwa na makunyanzi mgongoni. Nani alimwonyesha makunyanzi ya mgongoni? Aliyahisi. Mzee Wakili, bila kuulizwa, alieleza kwamba yeye alichukua sampuli kwa ajili ya ushahidi, akaihifadhi mapajani. Nati alisema alidhani ni grisi ya kizungu.

Hao ndio waliokuwa wanamcheka. Wembe aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na hasira ikampanda mpaka masikioni, kisha ikamshinda akacheka peke yake, kicheko kikavu. Asubuhi nzima walimvisha shela, kumbe msafara mzima wa harusi ulikuwa umejipaka.

Mtu mwenye akili angeishia hapo, akajiuliza kwa nini watu wanne wa benchi moja wanawashwa wakati mmoja. Redio alijiuliza. Ndipo ulipotokea msiba.

— Subirini, alisema. Wembe anawashwa. Mimi, sikatai, nawashwa. Mzee anawashwa, Nati anawashwa. Krimu ni ya uzee, na sote tumeihitaji. Maana yake nini? Tumezeeka, tena tumezeeka pamoja. Jamani, uzee unaambukiza.

Ilipokelewa kwa kishindo. Mzee Wakili alisema siku zote alishangaa mbona Nati anazeeka haraka, kumbe yeye ndiye chanzo, na akaomba radhi rasmi. Nati alihesabu kichwani, akathibitisha kwamba tangu aanze kukaa na mzee hata mvi zimemtoka. Kila kitu kilijieleza. Na kama uzee unaambukiza, Redio alisema huku akisimama, basi na ujana unaambukiza vilevile. Kwa nini wapoteze muda na kopo, wakati leo hii inakuja ngozi ambayo haijatumika kabisa?

— Mjukuu wa Wembe, alisema. Anapita hapa hapa. Tumpokee kwa heshima. Kila mmoja ambebe kidogo, kifuani, ngozi kwa ngozi, atuachie kidogo alichonacho. Tunamfunika koti letu, anakuwa mwanachama. Sisi tunapona, yeye anapata wazee. Hasara iko wapi?

— Mkono mtupu haulambwi, alisema Mzee Wakili, na hakuna aliyejua anaunga mkono au anapinga.

Wembe angepaswa kusema hapana. Badala yake aliitazama mikono yake. Kwa sababu ukweli wa mambo, yeye mwenyewe alikuwa na mpango ambao haukupishana sana na huo. Alikuwa amepanga kunawa, kujipaka mara ya mwisho, kushusha mikono ya shati mpaka kwenye vifundo, na kumpokea mtoto. Mikono ilikuwa laini. Ilinukia vizuri. Nani angejua? Amngoje mjukuu miezi tisa, halafu akae naye nyumba moja akimtazama kama picha ya ukutani? Angembeba kidogo tu. Kidogo kinadhuru nini?

Kituo cha basi kilikuwa mwisho wa barabara ile ile, na mabasi huchelewa siku zote isipokuwa siku unayotaka yachelewe. Wembe aliinua macho akamwona bintiye anakuja, khanga mbili, uso umechoka na umenenepa kidogo, mtoto amelazwa begani. Nyuma yake, mbali, mkewe alikuwa anapatana na mtu wa mkokoteni kuhusu mabegi, na kwa namna alivyoshika kiuno ilionekana mtu wa mkokoteni anashindwa.

Binti aliwaamkia wote, shikamoo ya pamoja, wakaitikia marahaba kwa sauti za watu wenye adabu. Redio alikuwa amekwisha kusimama kumpisha.

— Karibu mwanangu, karibu. Lakini kaa huku, huko uchochoroni kuna upepo mbaya. Hebu Wembe, vua koti, mtoto afunikwe.

Kabla Wembe hajajua lililo sawa, koti lilikuwa limeshavuliwa mabegani mwake. Redio alilikung'uta mara moja, akalifungua kwa mikono miwili, akamkaribia mtoto kama mtu anayetandika kitanda cha mfalme. Binti alitabasamu, akashukuru. Halafu akashika ukosi wa koti kwa vidole viwili. Aliugeuza. Akausogelea kwa pua, akaurudisha. Hakukunja uso. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri.

— Baba, hili koti huwa anafua nani?

Redio alimtazama Mzee Wakili. Mzee Wakili alimtazama Nati. Nati alimtazama Wembe, kwa kuwa msumari ni wake. Wembe alijaribu kukumbuka. Koti liliachwa kitini na mteja, siku ya mvua, mteja ambaye hakurudi. Alikuwa mtu mwenye haraka, aliyekuwa akijikuna shingo wakati wa kunyolewa. Walilitundika msumarini wakimsubiri. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na baridi. Tangu siku hiyo lilikuwa halijapumzika, limetoka mgongo huu limeingia ule, na kwa kuwa lilikuwa la wote, hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kulitia maji.

Watu waliojua umeme unavyoingia kwenye damu na ujana unavyoibwa duniani hawakujua nani hufua koti lao. Mzee Wakili alifungua mdomo kutoa methali, na iliyomjia ilikuwa moja tu, ya mtu asiye na kucha. Aliifumbia mdomo akaimeza.

— Basi acheni, alisema binti, na kulisukuma koti pembeni taratibu. Baba mwenyewe ana joto. Haya baba, mpokee mtu wako.

Akamshusha mtoto begani, akamnyoosha kwa babu yake. Wembe alimwona. Alikuwa na kichwa kilichojaa nywele, nywele za kumfurahisha kinyozi, na ngumi moja ndogo imetoka nje ya shuka, vidole vimefumbwa, katikati yake hakuna kitu kabisa. Mikono yake mwenyewe iliinuka bila kuulizwa. Ilifika nusu ya njia. Kisha akairudisha, akaificha nyuma ya mgongo wake kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

— Simbebi.

— Baba?

— Nina upele, mama.

Neno lilitoka dogo, na halikuua mtu. Benchi zima lilishtuka kama vile ametukana. Binti alimtazama babake, akamtazama Redio ambaye bado ameshika koti, akatazama kopo la waridi lililo wazi juu ya ubao. Akamrudisha mtoto begani na kurudi nyuma hatua moja. Alifanya vizuri, na Wembe alijua amefanya vizuri, na hatua ile ilimuuma kuliko kicheko chote cha asubuhi.

— Zahanati si bado iko pale nyuma ya soko? aliuliza binti. Sauti yake haikuwa na ukali. Nenda sasa hivi, baba. Ukimaliza dawa utambeba mpaka uchoke. Yeye hana pa kwenda.

Wembe aliingia kibandani, akageuza kile kibao cha mlangoni kiseme pamefungwa, akatoka. Hakuaga. Alikuwa ameshapiga hatua kadhaa aliposikia viatu nyuma yake.

— Nakusindikiza tu, alisema Redio. Mtu mgonjwa hatembei peke yake.

— Na mimi nasindikiza, alisema Mzee Wakili. Kama shahidi.

Nati alitembea upande wa pili wa barabara, kwa hakika ya mtu ambaye anaelekea njia hiyo kwa shughuli zake.

Kwenye kona Wembe aligeuka mara moja. Shangazi alikuwa ameliokota koti kwa koleo la mkaa, mkono ameunyoosha mbali na mwili, akalitumbukiza zima kwenye sufuria ya maji ya kahawa yaliyokuwa yanatokota. Hapo kahawa ya siku ile ikaisha. Mbele ya benchi mkewe alikuwa amefika na mkokoteni, amelishika kopo la waridi, anasoma maandishi yake mdomo wazi. Na bintiye alikuwa anaelekea nyumbani, ameipa barabara mgongo, kichwa kidogo chenye nywele nyingi kinamwangalia babu yake kutoka begani. Wembe aliendelea na safari. Nyuma yake wasindikizaji walikuwa wanajikuna. Mikono yake ilikuwa laini kama ya bibi harusi, na haikuwa imebeba kitu.